Zulia la Miiba Lililovuka Mfereji

Mimi nimeona mmea ukitembea.

Sikuwa nimelewa, sikuwa na homa, na ulikuwa mchana kweupe. Najua wapo watakaosema hizi ni kamba, na ningekuwa mimi ninayesoma ningesema hivyo hivyo. Lakini vumilieni kidogo niwasimulie.

Na sisemi kukua. Kila mmea unakua. Nasema kutembea.

Mimi ni fundi cherehani, kazi yangu kubwa ni sare za shule. Cherehani yangu ipo sebuleni, kwenye dirisha linalotazama barabara. Nyumba yetu imekaa chini ya mteremko. Mume wangu alipopata kiwanja aliuchonga ule mteremko kwa nyuma ili nyumba ienee, kwa hiyo ukifungua dirisha la chumba cha nyuma unatazamana na udongo uso kwa uso. Katikati kuna mfereji mwembamba wa saruji wa kupitisha maji, basi.

Mvua ikinyesha, udongo wote ulikuwa unahamia kwetu. Tope mlangoni, tope jikoni, tope hadi kwenye vitambaa vya wateja.

Ndipo akaja mama mkwe.

Mama mkwe amefanya kazi miaka mingi kwenye kitalu cha miche ya mapambo. Alipoacha kazi akaja kukaa na sisi, na mizigo yake mingi haikuwa nguo. Ilikuwa viriba vya miche.

Siku ya kwanza tu alisimama nyuma ya nyumba, mikono kiunoni, akautazama mteremko na kutikisa kichwa.

"Huu uko uchi," akasema. "Tuuvalishe."

Mmea aliouleta, kule kitaluni walikuwa wanauita zulia la miiba. Ni ndugu yake rasiberi, ila huu hausimami. Unatambaa chini. Majani yake ni mazito, yamekunjamana kama kitambaa kisichopigwa pasi, na ni ya kijani mwaka mzima, jua liwake mvua inyeshe. Shina lina vijimiiba vidogo kama kucha za paka. Kila shina linapogusa udongo linatoa mizizi, na likishatoa mizizi linazaa shina jingine.

"Mmoja unazaa kijiji," mama mkwe alikuwa anasema.

Ili mashina yashike haraka, alikuwa anayabana chini kwa vipande vya waya alivyovipinda kama pini ya nywele. Waya alitoa wapi? Kwenye henga zangu za kutundikia nguo. Leo sketi ya mteja inaning'inia, kesho naikuta imelala kitini, henga imeenda mlimani.

Nilinuna, lakini kimoyomoyo. Mama mkwe ni mama mkwe.

Na haki ya mtu mpe, zulia lilifunika. Mpaka namzaa mwanangu, ambaye kwa unene wake kila mtu anamwita Bonge, mteremko wote ulikuwa kijani kitupu. Vinakuja vijiua vyeupe, halafu vitunda vya rangi ya chungwa. Wapita njia wanasimama kuomba mbegu. Tope likakoma. Nikamsamehe henga zangu.

Kulikuwa na sheria moja tu. Zulia lisivuke mfereji. Kila likikaribia, mama mkwe analikata kwa mkasi wa bustani, mstari umenyooka kama pindo la sketi.

Tuligombana mara moja tu. Bonge alipoanza kutambaa, mimi nilisema ile safu ya chini ing'olewe, isije ikafuga nyoka karibu na dirisha la mtoto. Mama mkwe alinuna siku nzima, chai yake ikapoa mezani.

Basi masika yakaingia.

Asubuhi moja natoka na nepi kwenda kuanika chini ya upenu, nikaona shina moja limevuka mfereji. Nikadhani limekua. Nikainama nilisogeze.

Mikono ikanisimama hewani.

Shina linalokua linatanguliza ncha changa, laini, yenye vijani vyekundu vyekundu. Hili halikuwa na ncha. Lilikuwa na kidonda. Mahali lilipokatwa na mkasi, bado pabichi. Jana yake nilimwona mama mkwe kwa macho yangu akilikata ng'ambo ya mfereji. Sasa lile lile, na kidonda chake kile kile, lilikuwa upande wetu.

Nikatazama kushoto, nikatazama kulia. Safu nzima ilikuwa imevuka.

"Mama!" nikaita. "Mama, hebu njoo uone!"

Akaja. Akatazama yale mashina. Halafu akanitazama mimi, kwa muda mrefu kuliko alivyoyatazama mashina.

"Umepita hapa wewe?"

"Ndiyo natoka sasa hivi, mama."

"Aha."

Akayakata upya, akaingia ndani. Ile "aha" yake ilinikaa rohoni.

Keshokutwa yake yalikuwa yamevuka tena.

Nikaanza kuangalia juu. Zile pini za waya zilikuwa zimeng'oka, nyingine zimesimama kichwa chini miguu juu. Na mashina, ambayo siku zote yalikuwa yamelegea juu ya udongo, yalikuwa yamekaza. Mtu wa cherehani anaujua uzi uliokaza kupita kiasi, unaona kabisa huu unakaribia kukatika.

Kisha zikaanza sauti.

Tak.

Unakaa kimya. Tak. Inatoka nyuma ya nyumba, kwenye kijani, na hakuna upepo.

Jamani, niliogopa. Sioni aibu kusema. Mtoto wangu alikuwa analala chumba kile, kichwa chake hatua chache kutoka kwenye lile dirisha, na kitu kilikuwa kinamfuata kidogo kidogo.

Jambo lililonimaliza nguvu ni majivu.

Niliamka nikakuta mtu amemwaga majivu ya jiko kwenye ule ukanda mkavu chini ya upenu, usawa wa dirisha la Bonge. Hayakumwagika kwa bahati mbaya. Yalikuwa yametandazwa vizuri, yakasawazishwa kwa ufagio.

Nyumba nzima tupo wawili na mtoto. Mume wangu ni dereva wa lori, alikuwa safarini. Mimi sikumwaga, na Bonge hata kushika ufagio hajui.

Nikarudi ndani taratibu. Mama mkwe yuko mlangoni, amechuchumaa, ameinua ndala zangu mkononi. Anatazama soli zake. Anazigeuza, anazinusa.

Aliponiona akaziweka chini kama mtu aliyefumaniwa.

"Nilikuwa nazipanga tu," akasema.

Nikasema, "Sawa, mama," nikaziokota ndala zangu. Sote tumesikia habari za watu kuchukuliwa unyayo wakarogwa. Nilikuwa nazicheka.

Nikampigia mume wangu.

"Baba Bonge, mama yako simwelewi."

"Kafanya nini tena? Kachukua henga?"

Nikamweleza yote. Mmea, majivu, ndala. Nikasikia anacheka mpaka anakohoa.

"Mama yangu mchawi? Yule anayepanda kitandani akiona mende?"

"Wewe cheka tu. Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio."

"Basi nikirudi nitaongea naye. Na huo mmea nitaukata wote, uache kukutisha."

"Ukirudi utatukuta?"

Hapo hakucheka. Lakini alikuwa mbali, na lori halina mabawa.

Nikamhamishia Bonge sebuleni, nikamtandikia kikapu kikubwa chini ya meza ya kukatia vitambaa. Mama mkwe akauliza kwa nini. Nikasema chumba cha nyuma kina baridi. Akasema, "Aha."

Na kweli kile chumba kilikuwa kimebadilika. Mlango wake ulianza kugoma. Unausukuma, unakwaruza sakafu, haufungi. Jirani yetu wa ng'ambo ya barabara, tunamwita Fundi Bomba kwa kazi yake, nilimwomba aje autazame. Akaugongagonga na kusema mbao imevimba kwa mvua. Nikatikisa kichwa kama nimekubali. Moyoni nilikuwa najua mwingine kabisa wa kulaumu.

Tukawa tunaishi hivyo. Mama mkwe anapika, nasema sina njaa. Nampa Bonge uji, yeye ananitazama mikono. Nikienda nyuma kuanika, nasikia pazia linasogea. Kila asubuhi majivu yanasawazishwa upya.

Siku yenyewe mvua ilinyesha tangu alfajiri, mchana ikapungua ikawa manyunyu.

Mama mkwe alivaa, akachukua mwavuli.

"Nakwenda kumsalimia mwenzangu wa kule kitaluni," akasema. "Nitachelewa. Jisikie huru."

Jisikie huru! Ndani ya nyumba yangu! Lakini nilishukuru, maana kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi nilihisi naweza kupumua. Nikamnyonyesha Bonge, akalala kwenye kikapu. Nikakaa kwenye cherehani nikaanza kushona kola, mguu unakanyaga, cherehani inanguruma.

Bobini ikaishiwa uzi. Nikasimamisha cherehani.

Tak. Tak. Tak tak.

Haikuwa moja moja tena. Ilikuwa kama mtu anakata vifungo vya shati mfululizo.

Nikajikaza nikaenda hadi mlango wa jikoni, nikachungulia nyuma. Zulia lote lilikuwa linatetemeka. Majani hayakupepea, hakukuwa na upepo wa kuyapepea. Lilitetemeka kama ngozi ya ng'ombe anapofukuza inzi. Mashina ya chini yalikuwa yameshagusa ukuta wa nyumba.

Nikarudi nyuma kinyumenyume.

Nikapita mlango wa chumba cha nyuma, ule usiofunga.

Ulikuwa umefungwa.

Nikasimama. Na ndani ya chumba hicho, nyumba nikijua haina mtu, nikasikia kikohozi. Kifupi, cha mtu anayejizuia.

Wacha niwaambie ukweli, sikuuliza "nani". Nilimpora Bonge kikapuni, nikatoka nduki. Bila ndala, futi bado inaning'inia shingoni. Nilivuka barabara sijatazama gari, nikaingia kwa Fundi Bomba nikamkuta anafunga koki.

"Mama Bonge, vipi?"

"Ndani... ndani kuna..."

Sikumaliza.

Ardhi ilinguruma. Niligeuka nikaona mteremko wetu unashuka. Wote kwa pamoja, na kijani chake juu, kama mtu anayevuta shuka kitandani. Ulifika kwenye nyumba, haukusimama. Paa la nyuma likalala. Vumbi likaruka hata kwenye mvua.

Kisha kimya. Bonge akaanza kulia.

Majirani wakamiminika. "Kuna mtu ndani? Mama Bonge, kuna mtu?"

"Hakuna," nikasema. "Mama mkwe katoka. Hakuna mtu."

Watu wakashusha pumzi. Mwingine akasema mali hutafutwa, mshukuruni Mungu. Mke wa Fundi Bomba akanifunika kanga. Mimi nimesimama pale, nimemkumbatia mwanangu, na kile kikohozi kinarudi masikioni.

Jini halikohoi likajizuia.

Anayejizuia kukohoa ni mtu aliyejificha, asitake kujulikana yupo. Na kikohozi kile nilikuwa nakijua. Kila asubuhi nakisikia, baada ya funda la kwanza la chai.

"Mama yupo ndani!" nikapiga kelele. "Yupo chumba cha nyuma! Jamani, mama yupo ndani!"

Nikamtupia mke wa Fundi Bomba mtoto, nikakimbia. Fundi Bomba akanikamata mkono.

"Mama Bonge, hiyo nyumba haijamaliza kuanguka!"

Nikamponyoka. Sebule ilikuwa bado imesimama. Nikaingiza mkono dirishani, nikachukua mkasi wangu mkubwa wa kukatia vitambaa, nikapita uchochoro wa pembeni.

Nilichokiona sitakisahau. Zulia lilikuwa limeshuka zima zima. Halikuchanika. Lilikuwa limelala juu ya mabati ya chumba cha nyuma, na tope limelikandamiza. Wanaume walikuwa wanalivuta, miiba inawararua viganja, na halivutiki, maana kila shina lilikuwa limeshonana na jingine.

Kukata ndiyo kazi yangu. Nikapiga magoti nikakata kama ninavyokata turubai, mkasi wazi, mstari mmoja kwenda mbele, bila kuchagua. Damu ikanichuruzika hadi viwikoni. Nyuma yangu Fundi Bomba na wenzake wakawa wanakunja vipande na kuvitupa. Juu yetu udongo ulikuwa bado unadondoka, na kila ukidondoka watu wote wanakimbia, halafu wanarudi.

"Mama!" nikaita. "Mama!"

Kimya.

Nikasema, Mungu wangu, mama wa watu. Nimemwacha ndani nikaokoa roho yangu.

Tukafika kwenye bati. Wakaliinua kwa mtaimbo. Chini yake boriti, chini ya boriti kitanda cha mbao kimeinama upande mmoja, na pale kati ya kitanda na ukuta pana nafasi kama ya kabati.

Kikatoka kikohozi.

Sijui nililia au nilicheka. Walimtoa taratibu, mguu mmoja umevunjika, kichwa chote tope. Wakamlaza kwenye mlango uliong'oka. Nikainama nimpanguse uso. Akafumbua macho, akautazama mteremko uliokuwa sasa uchi kama zamani. Kisha akanitazama mimi.

"Kumbe si wewe," akasema.

"Si mimi nini, mama?"

"Unayening'olea miche yangu."

Mbele ya watu wote, jamani.

Hospitalini, mguu ukiwa umefungwa plasta, akanieleza yote bila kunitazama usoni. Tangu siku niliyosema ile safu ing'olewe, na pini zikaanza kung'oka, alijua ni mimi. Nani mwingine? Alimwaga majivu ili anase nyayo zangu. Alipoona hakuna nyayo, akakagua ndala zangu kama zina majivu au tope. Mwisho akaniaga kwa uongo, akazunguka, akaingia kwa mlango wa jikoni nikiwa kwenye kelele za cherehani, akausukuma ule mlango mgumu kwa bega hadi ukafunga, akakaa dirishani anisubiri.

"Nilitaka nikufumanie," akasema. "Na wewe je? Mbona ulikuwa unanikimbia siku zote zile?"

Nikajifanya kunyoosha shuka lake.

"Sema, mwanangu. Yameisha."

"Nilidhani wewe ni mchawi, mama."

Mama mkwe akautazama mguu wake ulioning'inizwa.

"Mchawi gani huyu anayeangukiwa na mlima wake mwenyewe?"

Muuguzi alikuja kutufukuza kwa kelele za kicheko. Tulicheka hadi nikaanza kulia, na nilipoanza kulia akanishika mkono wangu wenye mikwaruzo, hakuuachia.

Baadaye alikuja mtu mmoja anayejua mambo ya udongo, akatembea juu ya mabaki. Alituambia mteremko ulianza kuachia siku nyingi, tangu ulipochongwa miguu, na masika yakaumalizia. Zulia lilikuwa limeshika ngozi tu ya udongo. Ndani halifiki. Kadiri ngozi hiyo ilivyoteleza ndivyo zulia lilivyovuka mfereji na mlango ukagoma, na zile tak zilikuwa mizizi ikikatika. Kule juu alitufunulia kipande kilichobaki, tukaona ufa wa kuingiza mkono mzima. Mteremko ungekuwa uchi, hata mtoto angeuona. Lakini ulikuwa umefunikwa vizuri, kijani cha mwaka mzima, na sisi tulikuwa tunausifia.

Mpaka leo nikifikiria, mwili unanisisimka. Kama mama mkwe asingejificha, mimi nisingekimbia. Mimi na Bonge tungekuwa jikoni, au nyuma tunaanua nepi.

Sasa tumepanga nyumba nyingine, mahali tambarare. Mama mkwe anatembea kwa fimbo na anamfundisha Bonge majina ya maua. Mume wangu hacheki tena nikimwambia naogopa.

Ninyi mnaosoma, sijui mnamshuku nani nyumbani kwenu. Pengine mna sababu. Mimi nilikuwa nazo nyingi, majivu niliyaona kwa macho yangu, na mama mkwe naye alikuwa na zake. Tuliviziana wiki nzima, mimi namchunga yeye, yeye ananichunga mimi, wote wawili tukiogopa kwelikweli. Hakuna hata mmoja wetu aliyeinama akainua jani moja kutazama chini yake.